Mgeni Aliyelazwa Kijitoni

Mjukuu wangu Editha amenishinda kwa maneno ambayo hayapo duniani. Yuko chuo kikuu, anasomea akili za watu, nami najivunia jambo hilo mpaka majirani zangu wa Viwanja Sitini wamechoka kunisikia. Likizo hii alikuja na kazi aliyopewa na mwalimu wake: awasomee wazee maneno, kisha awaulize wamebakiwa na yapi. Akanikalisha mkekani uani, mimi na jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma aliyekuja bonde hili na ng'ombe wa mumewe na sasa anauza mtindi. Editha akaanza kusoma: pembwi, zalo, dofa, ngiso, reku. Akaendelea hivyo kama mtu anayetapika herufi. Alipofunga mdomo nilikuwa na dofa peke yake, na hilo nililishika kwa sababu lilifanana na mlio wa ndoo inapotua majini.

"Bibi, jitahidi kidogo," akasema.

"Nijitahidi nini? Umenipa pakacha, unataka nikuletee maji."

Akacheka, akaandika. Halafu akamwomba Mama Kulwa akae kwanza huko mbele ya nyumba, akanisomea mimi habari nzima. Ilikuwa hivi, au karibu na hivi: kazi hii si ngumu ukiizoea. Kwanza unavitenga kwa ukubwa. Vingine unavifungua, vingine unaviacha vilivyo. Unatafuta kinachofaa kwa chini, kisiwe kikavu sana wala kibichi sana. Ukiviweka karibu unaviharibu, ukiviweka mbali unavipoteza. Unageuza, unangoja, unageuza tena. Kila neno lilikuwa Kiswahili safi, na yote kwa pamoja yalipita kichwani mwangu kama moshi kwenye makuti. Aliponiuliza nikamwambia nimeshika kugeuza na kungoja, na kwamba aliyeandika habari hiyo anafaa kuchapwa.

"Nimeandika mimi, bibi."

"Basi mama yako hakukuchapa ya kutosha."

Akamwita Mama Kulwa, akamnong'oneza kitu sikioni, akamsomea habari ileile, mimi nikiwa palepale. Mama Kulwa akaisimulia yote tangu mwanzo hadi mwisho, hakuruka kitu. Tena akaongeza kwamba vile vikubwa vinapakwa chumvi.

"Chumvi sijaisoma, mama," Editha akasema.

"Samaki bila chumvi utambanikaje?"

Hapo ndipo nilipojua. Ilikuwa habari ya kubanika samaki, na yeye alikuwa ameambiwa mapema, mimi sikuambiwa. Mimi, ambaye kwa upande wa mama ni mtoto wa mto, niliyebanika kambale na kitoga tangu sijaota meno ya utu uzima. Mama Kulwa alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Mwana wa mto kashindwa na mchunga ng'ombe," akasema, "kesho njoo nikufundishe na kupiga kasia."

Editha akanieleza kwa upole. Maneno ni yaleyale, bibi. Mtu akijua yanahusu nini yanapata pa kukaa. Asipojua yanakosa makao, yanaondoka. Na akishajua, wakati mwingine hukumbuka hata ambayo hakuambiwa, kama chumvi ile. Akasema mambo hayo watu wameyapima huko vyuoni miaka mingi.

Ninyi mliozeeka pamoja nami mtanielewa: kuna siku mtu anasema jambo, na harufu ya zamani inakujia puani kabla hujajua ni ya nini. Ilinijia harufu ya majivu yaliyolowa na mizizi iliyomenywa. Nikakumbuka kwamba kipimo hicho nilikwisha kupimwa, nikiwa mtoto, na aliyenipima hakuwa na kalamu.

Nilizaliwa Masagati, huko nyuma ya Mlimba, ambako hata leo mtu wa bodaboda hukuuliza mara mbili kama una hakika unataka kwenda. Nyumba zetu zilikaa mbalimbali, kila moja na mlima wake. Baba alikuwa akipasua kokoto kwenye ujenzi wa reli, akija nyumbani kwa msimu kama ndege. Mama alitokea Mlabani, binti wa wavuvi, aliyemjua samaki kwa harufu na asiyejua lolote la mlimani. Alisali sana. Na alikuwepo bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye visigino vigumu kama jembe, ambaye hakumwamini mtu yeyote aliyekua kwenye nchi tambarare.

Mimi nilikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike, na kwa watu wake hilo lilikuwa na kazi yake. Kuna mambo ambayo bibi humrithisha mjukuu wa kike. Hampi mkwe wala binti yake mwenyewe. Tulipokaa kupukuchua mahindi, mama akiwa shambani, bibi alinifundisha maneno. Aliyasema taratibu, akitazama mahindi yake, nami niliyarudisha. Nikikosea, alinirushia punje moja ya mahindi kwenye paji la uso. Hakukosa hata mara moja. Wapo wanajeshi wasiolenga vile.

Maneno yenyewe yalikwenda hivi. Mgeni akija, mvue koti lake lote. Mkate mwembamba mpaka mwanga upite. Anayemvua asijikune, apake majivu. Mlaze kwenye maji yanayokwenda, siyo yaliyolala. Mwekee jiwe asitoroke. Kila asubuhi mkande, mpaka aache kutoa povu. Muulize kwa ncha ya ulimi. Akijibu kwa ukali mrudishe. Akinyamaza mpeleke juani.

Hayo siyo yote. Mengine nimeyaacha makusudi, ili asitokee mtu akaenda porini na karatasi yangu mkononi.

Nilimuuliza bibi mgeni huyo ni nani. Akasema, "Ukimjua atakuja." Hakuniambia zaidi. Nikabaki na maneno yasiyo na mwenyewe, nami kama mtoto yeyote nikayatafutia mwenyewe. Niliamua kwamba bibi ananifundisha kuua. Niliona kila kitu: mtu anabisha hodi, anapokewa mzigo, anavuliwa koti, anakatwa, anafichwa kijitoni chini ya jiwe. Hilo la ulimi sikulielewa, nikalichukua kuwa ni la wachawi. Sikumchukia bibi kwa hilo. Niliona tu kwamba kila ukoo una kazi zake, na yetu ndiyo hiyo.

Lakini maneno yalikataa kukaa. Yale yaliyofaa kwa kuua, niliyashika bila taabu: kisu, maji, jiwe. Yale yasiyofaa yaliniponyoka kila siku. Majivu niliyasahau, kwa nini muuaji apake majivu? Ile kila asubuhi nayo ilinipotea, maana mtu aliyekwisha kufa hakandwi tena kesho yake. Punje zikaniangukia. "Kichwa chako kina tundu," bibi alisema. Sasa najua lile halikuwa tundu. Nilikuwa nimejenga nyumba nyingine kichwani, na maneno yake hayakupata vyumba.

Siku moja mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Mlabani na tita la samaki wakavu. Alikuwa amevaa koti. Wakati mama anatafuta kuni na bibi ananoa kisu cha kukatia samaki, nikamsogelea.

"Mjomba, uji ukimaliza uende."

"Niende wapi, na miguu imevimba hivi?"

"Bibi anataka kukuvua koti."

"Anivue tu, mama, joto limenizidi."

"Akishakuvua anakukata mwembamba. Halafu unalazwa kijitoni."

Mjomba akanitazama, akamtazama bibi na kisu chake, akaangua kicheko kilichowatoa kuku uvunguni. Akamwita mama aje asikie. Ikabidi niseme yote, kwa sauti, mbele ya watu. Mjomba alicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Bibi naye hakucheka. Alitema mate chini kushoto, akatema kulia, akayafukia kwa kisigino, kama mtu anayezima kaa la moto.

"Unamfundisha nini mwanangu?" mama akamuuliza.

"Kazi."

"Kazi gani ya kumkata mtu?"

"Kazi yenye siku yake. Siku hiyo usiiombe."

"Kwenye nyumba hii anafundishwa sala."

"Msalishe. Nani kakukataza?"

Mama alingoja mpaka baba alipokuja, akamweleza. Baba, ambaye kwa mama yake alikuwa mtoto na kwa mkewe alikuwa mume, alikuna kichwa siku nzima, mwisho akaamua kwamba masomo yaishe. Bibi hakubishana. Aliendelea kupukuchua mahindi, nami nikaketi pembeni yake nikisubiri punje ambayo haikuja.

Kilichofuata kilikuja kwa mpangilio mbaya. Kwanza bibi alianguka akitoka kuota moto. Walisema amepigwa na upepo. Leo tungesema kiharusi. Mkono mmoja na mguu mmoja vililala, mdomo ukapinda, na maneno yote aliyokuwa nayo yakatoka, likabaki moja: haya. Umwamkie, haya. Umuulize kama ana kiu, haya. Umwambie panya wamekula mbegu, haya. Mama, yuleyule aliyegombana naye, alimlisha, akamwosha, akambeba mgongoni kumpeleka juani.

Halafu mvua ikaja na haikuondoka. Mpunga wa bondeni uliozea majini ukiwa umesimama. Mahindi ya mlimani nguruwe walitangulia kuyavuna. Daraja la miti likachukuliwa na mto, na baba alikuwa upande wa pili pamoja na kokoto zake. Tulikula mbegu zilizobaki. Tulikula pumba. Tulikula majani ya maboga mpaka mashina yakabaki uchi. Mdogo wangu Asteria aliacha kulia, na mama aliogopa ukimya huo kuliko kilio.

Mama aliona watu wa nyumba ya ng'ambo ya kijito wakichimba mizizi kule juu msituni. Naye akaenda, akachimba iliyofanana na yao, akarudi na tenga zima. Mizizi mikubwa, yenye vinywele, rangi ya udongo. Aliiweka katikati ya nyumba na tukaitazama kama tunavyotazama nyama. Alikuwa akiwasha moto aipike tuliposikia mtu akiita kutoka ng'ambo. Maji yalikuwa mengi, hakuweza kuvuka, kwa hiyo alipaza sauti na upepo ukatuletea vipande.

"Mama wee, mna ndiga hapo, ile mizizi ya msituni?"

"Tunazo," mama akajibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia jina hilo.

"Msile. Hawa wa huku wamekula. Walianza kama walevi, wanacheka, wanaanguka. Baba wa nyumba amekufa, na kitindamimba wake."

"Sasa zinaliwaje?"

"Wanajua wazee wa kike. Muulizeni bibi yenu."

Akaenda zake kuzika. Mama akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya bibi, akamwonyesha mzizi mmoja.

"Mama, hii inafanywaje?"

"Haya," bibi akasema.

"Inachemshwa?"

"Haya."

"Inatupwa?"

"Haya."

Jicho lake moja, lile lililobaki hai, lilitoa machozi. Aliinua mkono mzima akaushusha. Alikuwa nayo yote kichwani, nina hakika mpaka leo, kama mtu aliyefungiwa ndani ya ghala la nafaka bila mlango. Mama akainuka. Nikamwona akitazama mlango, akimtazama Asteria mkekani, akilitazama tenga. Akachukua kisu akaanza kumenya. Nadhani hakuwa ameamua lolote. Mikono tu ilikataa kukaa bure.

Nilikuwa nimeketi pale nikitazama ganda linatoka, refu, zito, mzizi ukibaki mweupe na uchi. Maji ya mzizi yakamtiririkia mama vidoleni. Punde akaanza kujikuna mkono, halafu mwingine, na ngozi ikaanza kumvimba.

"Anayemvua asijikune," nikasema. "Apake majivu."

Mama aliacha kujikuna.

Sijui niwaeleze vipi kilichotokea kichwani mwangu. Mmewahi kuona mitego ya samaki iliyofumwa, inapolala chini imejikunja kama takataka, halafu mvuvi akaishika mahali pamoja tu na kuiinua, ikasimama, mdomo mdomo na tumbo tumbo? Ndivyo maneno ya bibi yalivyosimama. Mgeni hakuwa mtu. Koti lilikuwa hilo ganda lililokuwa miguuni pa mama. Nilianza kusema na sikuweza kusimama, mstari ukauvuta mstari, pamoja na ile niliyoisahau, ile iliyoniletea punje za usoni, karibu yote ilikuja na kuketi mahali pake. Mama alinisikiliza huku ameshika mikono juu, imejaa majivu. Nyuma yangu bibi alikuwa akisema haya, haya, haya, na kwa mara ya kwanza lilikuwa neno kweli.

"Kwa nini hakuniambia?" mama akauliza, na hakuwa akiniuliza mimi. Baadaye sana nilielezwa na shangazi. Mwaka wa shibe jina la chakula cha njaa halitajwi. Kulitaja ni kuifungulia njaa mlango. Kwa hiyo kazi ilifundishwa bila jina lake, na jina lingekuja lenyewe pamoja na siku. Wazee wale walitegemea kwamba atakuwepo mtu wa kuliunganisha. Hawakufikiria upepo unaokula ulimi.

Tulizikata nyembamba, mama akiinua kila kipande mbele ya mlango kuona kama mwanga unapita. Tukaziweka kwenye tenga, tukalilaza kijitoni pembeni ambapo maji yalikimbia bila kubomoa, tukaweka jiwe. Asubuhi tulizikanda. Povu likatoka jeupe, likatiririka, mwisho likakoma.

"Limekwisha," mama akasema. "Umesema mpaka aache kutoa povu. Twende tukapike."

Nami nilitaka hivyo. Mate yalikuwa yamejaa kinywani. Lakini maneno niliyokuwa sijayasema yalikuwa yamekaa hapo, kwenye chumba chao.

"Kila asubuhi," nikasema.

"Kila asubuhi nini?"

"Anakandwa kila asubuhi. Siyo mara moja."

Mama alinishika mabega. Vidole vyake vilikuwa bado vimevimba. "Nitazame. Hilo umelikumbuka au umelitunga?"

Sikujua. Ninawaambieni ukweli, sikujua. Nilipokwisha kuelewa kwamba tunatoa sumu, kila kitu kilinielekea kuwa kweli. Ningeweza kutunga mistari mingine mitatu yenye sauti ya bibi na nikaiamini yote. Mtoto mwenye njaa angetunga ya kupika, siyo ya kungoja. Hiyo ndiyo hoja pekee niliyokuwa nayo, na sikuwa na akili ya kuisema. Nikasema tu, "Bibi alinipiga punje kwa ajili ya hilo."

Mama akanitazama paji la uso, kama vile alama zingeonekana. Akarudisha jiwe juu ya tenga.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mama alichemsha maji na chumvi kidogo akatunywesha kama mchuzi. Asteria alilala bila kufumba macho vizuri. Asubuhi ya pili tulishuka kijitoni, mama akazikanda, na povu likatoka jeupe kama vile jana haikuwepo. Mama aliketi kwenye matope, nguo na vyote, akafunika uso. Nilidhani amekasirika. Alipoinuka alinibeba, mimi niliyekuwa mkubwa wa kubebwa, akanipeleka mgongoni mpaka juu, na hakuniuliza tena kuhusu mstari wowote.

Tulishuka kila asubuhi mpaka maji yakabaki maji. Mama akauliza kwa ncha ya ulimi, akajibiwa kwa ukali, akamrudisha. Akauliza tena siku nyingine, akanyamaziwa. Tukamwanika kwenye jiwe jua lilipojitokeza kwa huruma, tukamtwanga, mama akasonga ugali mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza. Sijapata kunusa kitu kizuri hivyo mpaka leo, na nimekula pilau za harusi nyingi.

Sahani ikawekwa. Mama alituambia mimi na Asteria tukae mbali, karibu na mlango. Alinawa, akavuta pumzi, akanyoosha mkono. Lakini bibi alikuwa mbele yake. Kwa ule mkono wake mmoja aliivuta sahani mpaka kifuani, akaifunika kwa mwili, akaanza kula.

"Mama, niachie mimi," mama akasema.

Bibi alikula. Tonge kubwa, lingine, lingine, chakula kikimwangukia upande wa mdomo uliopinda.

"Mama, nakuomba."

Asteria akalia, kilio cha kwanza baada ya siku nyingi. "Bibi anamaliza," akasema. "Bibi mchoyo." Nami niliona hivyohivyo, kwamba uzee umemla akili, kwamba mtu aliyenifundisha maneno yote ya chakula hiki amesahau kwamba kuna watoto. Nikamwambia mama amnyang'anye. Mama hakumnyang'anya. Alikaa akashika kifundo cha mkono wa bibi, akakishika tu, vidole juu ya mshipa.

Bibi aliposhiba akajiegemeza ukutani. Mama alimtazama. Jua la mlangoni likasogea kutoka kizingiti mpaka kwenye jiko, na kutoka jikoni hadi kwenye mtungi, na mama hakuondoa vidole. Bibi alisinzia, mama akaweka sikio puani mwake. Bibi alikohoa, akafumbua jicho, akatazama huku na huku kama mtu yeyote aliyeamka usingizi wa mchana. Hakucheka kama mlevi. Hakuanguka. Kwa kiganja chake akaisukuma sahani sakafuni, polepole, mpaka ikatufikia mimi na Asteria.

Tulikula kwa mikono miwili. Mama hakula. Alipiga magoti mbele ya mkwe wake, akainamisha kichwa hadi karibu na sakafu, akasema, "Shikamoo, mama." Mimi na Asteria tukatazamana na vinywa vimejaa, tukaanza kucheka. Tulidhani njaa imemchanganya, anamwamkia alasiri mtu aliyemwamkia asubuhi. Bibi hakuwa na marahaba tena. Alinyoosha mkono kwenye sahani yetu, akakata tonge, akamtia mama mdomoni.